Mwalimu Asiyepaza Sauti

Watu wengi wa Moshono wanaoendesha magari leo walijifunza wakilia. Walimu wa udereva wana midomo, na shule ya udereva ya Madam Evelyn ilikuwa na mwalimu mmoja, Philemoni, aliyeweza kumtoa mwanafunzi machozi kabla hajafunga mkanda. Ndiyo maana Mzee Abdiel Sumari, mwalimu mwenzake, aligombewa na wanafunzi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kiti cha kushoto cha Korola nyeupe yenye kibao cha L, mguu wake ukiwa jirani na ile breki ya pili ambayo mafundi huifunga upande wa mwalimu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Mwanafunzi akiingiza gari mtaroni, Mzee Abdiel alishuka, akautazama mtaro, akalitazama gari, kisha akasema kwamba waanze tena, taratibu. Wanafunzi wakambatiza jina la Mzee Taratibu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha.

Sifa hiyo ilimfuata hadi kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri, na kila mwaka jumuiya ilipofundishwa juu ya tunda la Roho, wengine walipewa upendo, furaha, amani na kadhalika, ila lile la mwisho kabisa, kiasi, halikuwa na mgombea. Lilikuwa la Mzee Abdiel. Alikuwa na sehemu yake aipendayo katika Mithali, pale panaposema kwamba mtu anayeitawala roho yake ni bora kuliko anayeteka mji. Aliisoma polepole, akavua miwani, akawatazama watu kwa zamu, na yeyote aliyemwangalia angeapa kwamba mzee huyu miji alikuwa nayo kadhaa mkononi, ameiacha tu kwa unyenyekevu.

Aliyeujua upande wa pili wa sifa hiyo ni mkewe, Evaresta. Nyumbani Mzee Abdiel hakugomba. Alinyamaza. Chumvi ikizidi kwenye ndizi alikula, akashukuru, akakaa siku mbili bila neno. Evaresta alipouza ndama bila kumwambia, zilipita siku kumi na moja. Usidhani alinuna; kununa, kwake, kulikuwa dhambi ya watoto. Aliitikia sala, alisema ahsante kwa chai, na asubuhi aliongea vizuri tu na ng'ombe. Evaresta alikuwa amezaliwa katika nyumba ya kelele huko Akheri, nyumba ambayo watu walirushiana maneno saa sita wakala pamoja saa saba, na katika miaka thelathini ya ndoa alitamani mara nyingi mumewe amtukane hata kidogo, ajue amekosa wapi. Lakini utamshtaki vipi mtu kwa mchungaji kwamba hakugombezi?

Sasa tufike kwa Hope, maana ndiye mwenye kisa.

Hope ni binti yao wa pekee. Miaka miwili iliyopita, akiwa chuoni anasomea uhasibu, alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya ibada, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akasema ana mimba ya miezi minne, na kwamba aliyempa mimba ni Lerionka, kijana wa Nduruma anayelima nyanya na kufuga. Mzee Abdiel alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini kwa uangalifu mkubwa, akasimama, akachukua mundu, akaenda kukata majani ya ng'ombe, ingawa bandani kulikuwa na majani ya siku mbili. Aliporudi binti yake alikuwa jikoni na mama yake, mlango uko wazi. Akapita na mzigo wake kuelekea bandani. Tangu siku ile hakumwambia Hope neno, na jina lake hakulitamka tena.

Mtaa mzima ulimsifu. Baba mwingine, walisema, angeshika panga. Baba mwingine angemfukuza mtoto usiku huo huo na sanduku lake. Mzee Abdiel hakumfukuza mtu. Hope alikaa siku tisa katika nyumba ambayo hakuna aliyemwambia atoke, siku ya kumi akapanga nguo zake akaenda Nduruma kwa Lerionka. Waswahili wana msemo, akufukuzaye hakwambii toka, lakini ni msemo wa mitaani, haumo katika Mithali, na Mzee Abdiel hakuwa na haja nao.

Kwa desturi ya usharika ule, binti akipata mimba kabla ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu na kurudishwa kundini mbele ya washarika, na bila kurudishwa hakuna ndoa kanisani. Si jambo gumu. Mzee wa kanisa wa mtaa wake hupeleka jina lake kwenye baraza, basi. Tabu ni kwamba mzee wa kanisa wa mtaa huo alikuwa baba yake. Jina halikupelekwa. Wala halikukataliwa, maana kukataa nako kunataka mtu afungue mdomo. Wazee wa ukoo wa Lerionka walikuja Moshono mara mbili kuomba radhi, na sukari na blanketi kama inavyotakiwa. Mzee Abdiel aliwapokea kwa heshima, akawasikiliza hadi mwisho, akawashukuru, akasema atalichukua jambo hilo katika maombi. Wakaondoka wameshiba chai. Njiani mmoja aliuliza wenzake kama wamejibiwa ndiyo au hapana, na hakuna aliyejua.

Mtoto akazaliwa, wa kike, akaitwa Princess. Evaresta alikwenda kumwona kwa kisingizio cha kununua vitunguu. Aliporudi alilitaja jina la mjukuu kwa sauti, sebuleni, mara tatu, na mumewe akaenda kukata majani.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tano mwaka huu, Hope akaingia kwenye ofisi ya Madam Evelyn akajiandikisha kujifunza udereva. Alisema Lerionka amepata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na anahitajika mtu wa kupeleka nyanya sokoni wakati mwenzake yuko shambani. Madam Evelyn akamwambia Philemoni ana nafasi. Hope akasema anamtaka Mzee Taratibu. Madam Evelyn alilisoma lile jina la ukoo kwenye fomu, akamtazama binti, akalisoma tena. Lakini yeye ni mtu wa Machame na mfanyabiashara, na kwake ada ikishapokelewa haina ukoo. Akampangia saa mbili asubuhi, kila siku, wiki mbili.

Mzee Abdiel angeweza kukataa. Ila angekataa kwa maneno gani? Yeye ndiye aliyepewa wanafunzi walioshindikana kwa wote. Akisema huyu hamwezi, sifa ya miaka kumi na tisa inaenda wapi? Akaingia kwenye gari, akafunga mkanda, akatazama boneti.

Hope akaketi kwenye usukani akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Kuna mambo mtu mzima hawezi kuyafanya katika nchi hii, na kuiacha shikamoo ining'inie hewani ni mojawapo. Mzee Abdiel aliijibu. Moyoni alijieleza kwamba ameitikia salamu ya mwanafunzi, kama angeitikia ya mwanafunzi yeyote, na maelezo hayo yakamtuliza mpaka kwenye kipilefti.

Siku zile za kwanza alimfundisha kwa maneno machache kuliko aliyowahi kutumia kwa mtu yeyote. Kioo. Klachi. Kushoto. Palipotosha kidole alitumia kidole. Hope naye alizungumza na kioo cha mbele. Alikieleza kioo kwamba Princess ameota magego manne, kwamba anaogopa kuku lakini haogopi ng'ombe, kwamba akilala hukunja ngumi. Kioo hakikujibu. Mzee Abdiel alisema, "Angalia barabara." Lakini maneno yale yalimwingia, na yalimuuma, na jioni alipofika nyumbani alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Alimpenda yule binti yake. Hakuwahi kuacha kumpenda hata saa moja, na ukweli huo alikuwa ameutunza vizuri sana, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuuona.

Evaresta, ambaye kwa kweli alikuwa akijua mpango wote kabla fomu haijajazwa, aliuliza kwa upande kama kuna mwanafunzi mpya. Mumewe alivua kiatu kimoja, kisha akasema, "Anaachia klachi mapema." Evaresta akakimbilia jikoni akafunga mlango. Lilikuwa neno la kwanza juu ya Hope kutoka kinywani mwa yule mtu kwa miaka miwili, na ingawa lilihusu klachi alilipokea kwa machozi.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikutana kwao, saa kumi na mbili asubuhi, watu wamejifunga mashuka kwa baridi ya mlima na chai ya tangawizi iko tayari. Somo, kwa bahati ya kalenda, lilikuwa kiasi. Mzee Abdiel akafundisha. Alisema hasira ni hasara, alisema ulimi ni moto, alisoma sehemu yake ya kuteka mji akavua miwani. Alipouliza kama kuna mwenye nyongeza, Evaresta, ambaye kwa miaka yote kazi yake kwenye jumuiya ilikuwa kugawa vikombe, alisimama na Biblia yake. Alisema na yeye ana sehemu yake katika Mithali, kurasa chache tu mbele ya ile ya mzee. Akasoma pale panaposema kwamba afadhali mtu akemewe waziwazi kuliko kupendwa kwa kificho. Akaketi. Mzee Abdiel akatazama saa ya ukutani, akasema muda umekwisha, akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba.

Jumatano waliingia barabara ya mpando wa kutoka Engutoto kuja Moshono, mahali Mzee Abdiel alipowafundishia watu kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma. Nyuma yao kulikuwa na lori la mchanga. Hope akaachia klachi mapema, gari likatikisika, likazima, likaanza kurudi nyuma. Mzee Abdiel akakanyaga breki ya upande wake kama alivyokwisha kuikanyaga mara elfu kadhaa, gari likasimama. Hapakuwa na hatari yoyote. Angeweza kusema taratibu, tuanze tena.

"Juzi ilikuwa hivihivi," Hope akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Pale korongoni Nduruma. Bahati nzuri Princess alikuwa amelala kwenye siti, hakushtuka."

Mzee Abdiel akageuka. "Gari gani?"

"Kirikuu. Nilikuwa nampeleka mtoto kliniki."

Aliyosema Mzee Abdiel baada ya hapo yalisikika hadi kwenye kijiwe cha bodaboda juu ya mpando. "Una akili wewe? Huna leseni, kuondoka mlimani hujui, unampakia mjukuu wangu kwenye hicho kigari? Unataka kuniulia mtoto?" Sauti ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe, ilipasuka katikati. Na kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea. Mlango ulipofunguka yakatoka yote. Alimgombeza kwa chuo alichokiacha. Alimgombeza kwa kukaa na mimba miezi minne bila kusema, kana kwamba hana baba. Alimgombeza kwa kuondoka na begi bila kumuaga, na yeye akiwa yuko bandani, anasikia geti likifungwa. Alisema kwamba habari ya kuzaliwa kwa mjukuu wake aliipata kwa Philemoni, yule yule Philemoni. Kwamba mara mbili alishika njia ya Nduruma na mkungu wa ndizi kwenye buti, mara zote mbili akageuza. Kwamba ndizi zile aliwagawia majirani, na alipowagawia alitamani kulia.

Dereva wa lori alishuka kuja kutukana. Alipofika dirishani akasikia kwamba ugomvi ni wa damu, akarudi kwenye lori lake akazima injini. Akina mama watatu wa usharika, waliokuwa wakitoka mazoezi ya kwaya, walisimama kando ya barabara na vitabu vyao vya nyimbo. Walimwona Mzee Taratibu anapiga dashibodi kwa kiganja. Walimwona mwanafunzi analia, na wakamwonea huruma, kwa sababu kutoka pale walipokuwa hawakuweza kuona kwamba anatabasamu.

Mzee Abdiel alipoishiwa pumzi, Hope alisema, "Baba, siku ile nilikaa jikoni nikikusubiri unigombeze. Nilisema moyoni, akinigombeza nitajua bado mimi ni wake. Ukapita na majani."

Mzee Abdiel alitafuta pa kutazama. Boneti ilikuwa pale pale lakini haikumsaidia. Akauliza, kwa sauti iliyokwisha kukauka, kuhusu hicho kirikuu: kina breki nzima kweli?

"Hakina injini, baba. Kiko gereji tangu Pasaka."

Hapo ndipo alipoisikia hali yake ya zamani ikimjia, ile baridi na safi. Amedanganywa. Ametolewa nje ya heshima yake katikati ya barabara, mbele ya kwaya. Kunyamaza kungekuwa rahisi, kungekuwa na haki, na hakuna jumuiya ambayo ingemlaumu. Hope aliiona ile sura ikianza kujifunga. Aliijua tangu utoto. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaacha kutabasamu, akasubiri.

"Mwongo mkubwa wewe," Mzee Abdiel akasema. Aliona hilo peke yake halitoshi, kwamba likiachwa hapo linaweza kuwa la mwisho, kwa hiyo akajikaza kutafuta jingine, na kwa mtu wa mazoea yake ilikuwa kazi ngumu kuliko kuteka mji. "Na klachi unaiachia mapema. Nimekwambia mara ngapi? Ulikuwa hivyo hivyo kwenye baiskeli. Washa gari, Hope."

Hope akawasha. Lilizima mara mbili zaidi, na mara zote mbili alikaripiwa. Mara ya tatu likapanda. Hawakurudi shuleni siku ile. Madam Evelyn aliwasubiri hadi saa kumi jioni, akapigiwa simu na mtu aliyeiona Korola yenye kibao cha L imeegeshwa kando ya shamba la nyanya Nduruma, na mzee mmoja amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anabishana na mtoto wa mwaka mmoja na nusu juu ya kuku.

Habari za ule mpando zilifika kanisani kabla yao. Alhamisi ya wiki iliyofuata baraza la wazee likakaa, na juu ya meza kulikuwa na mambo mawili ya mtaa wa Moshono. La kwanza lilikuwa jina la Hope Abdiel Sumari, aombaye kurudishwa kundini, limeletwa na mzee wa mtaa wake kwa mwandiko wake mwenyewe. Lilipita bila mjadala, na Jumapili ya pili ya mwezi ikapangwa. La pili lilikuwa mzee wa mtaa huo mwenyewe. Akina mama wa kwaya walikuwa wamesononeka sana. Mzee mmoja alisema hakuamini masikio yake. Mwingine alisema shetani huwinda hasa waliosimama imara. Kwa upendo mkubwa wakakubaliana kwamba Mzee Abdiel apumzike kufundisha jumuiya mpaka baada ya Krismasi, ajichunguze, na wakati wote huo wamwombee.

Mchungaji, ambaye alimheshimu, alimuuliza kwa upole ni jambo gani lililoweza kumfanya mtu wa umri wake na sifa zake kupiga kelele barabarani robo saa nzima.

"Nilikuwa naongea na mwanangu, Mchungaji," Mzee Abdiel akasema. "Yalikuwa ya miaka miwili."

Katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba mhusika amekiri kosa.